Kuingia Biashara Yenye Wenyewe: Namna ya Kujenga Kampuni Changa Nairobi Ukiwa Mgeni wa Sekta

Tabitha Karanja alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Naivasha kabla ya kuanzisha Keroche mwaka wa 1997 na kuingia katika soko la vileo ambalo lilikuwa limeshikwa na kampuni moja kubwa tangu enzi za ukoloni. Nzambi Matee alikuwa mchambuzi wa data katika sekta ya mafuta hadi mwaka wa 2017, alipoacha kazi ili atengeneze kabro, yaani matofali ya kutandaza njiani na uani, kutokana na taka za plastiki. Charlot Magayi alikuwa akiuza makaa Mukuru kabla ya kuunda jiko ambalo mwaka wa 2022 lilimpatia tuzo ya Earthshot. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angetajwa iwapo mtu angeulizwa mapema ni nani atakayebadilisha biashara ya pombe, ya ujenzi au ya majiko nchini Kenya.

Mgeni wa sekta ana faida moja kubwa: huona udhia ambao wenyeji wameshauzoea kiasi kwamba hawauhesabu tena kuwa udhia. Ana pia hatari moja kubwa, nayo ni kwamba huwa mwepesi wa kung'oa kitu kabla hajajua kilikuwa kikishikilia nini. Mwongozo huu unamlenga mkazi wa Nairobi mwenye wazo la kubadilisha biashara ya zamani, awe mwalimu, mhasibu, muuguzi, mwendesha boda boda au mhitimu ambaye hajapata ajira, na unakaa kwa muda mrefu zaidi kwenye hatua ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo hurukwa mara nyingi: kuielewa biashara iliyopo kabla ya kujaribu kuchukua nafasi yake.

Anza na tatizo ulilowahi kulilipia

Wazo zuri la kuanzia ni lile linalotokana na hasara uliyoipata wewe mwenyewe, au unayoishuhudia kila siku mahali unapofanya kazi. Magayi aliujua moshi wa jiko la makaa kwa sababu aliishi nao, na binti yake aliungua vibaya kwa jiko la aina hiyo. Hakuhitaji ripoti ya mtu yeyote kumweleza kwamba mama wa Mukuru anataka jiko salama ambalo pia litampunguzia gharama ya makaa. Mtu aliyewahi kulilipia tatizo anajua mambo ambayo hayaandikwi popote, kama vile ni saa ngapi linamsumbua zaidi, ni nani anayeitwa kusaidia, na pesa zinatoka mfukoni kwa kiasi gani na kwa vipindi gani.

Kabla ya kwenda mbali, hakikisha kwamba tayari kuna watu wanaotoa pesa kwa ajili ya suluhisho baya la tatizo hilo. Malalamiko peke yake si soko. Mwenye duka anayenunua petroli ya jenereta kila wiki, mzazi anayelipa boda boda kumpeleka mtoto shule kwa sababu basi halifiki mtaani kwao, fundi anayepoteza nusu ya siku akizunguka Kirinyaga Road kutafuta kipuri kimoja, wote hao tayari wanalipa, na kazi yako itakuwa kuwapa kitu bora kwa pesa zile zile au kwa pungufu yake. Ukikuta kwamba watu wanakubali kwa kichwa tu kuwa jambo fulani linaudhi, lakini hawajawahi kutumia hata shilingi mia moja kuliepuka, tafuta tatizo jingine.

Jifunze kazi ya kila mkono

Chukua mfano wa Soko la Wakulima, ambalo wengi wetu tunaliita Marikiti. Malori ya viazi, kabichi na nyanya huingia usiku, na jua linapochomoza mzigo huwa umeshapita katika mikono mingi: ya mkulima, ya dalali wa shambani, ya mwenye lori, ya dalali wa sokoni, ya wapakuaji, ya watu wa mikokoteni, na mwishowe ya mama mboga anayerudi Kawangware au Umoja na magunia yake juu ya matatu. Mtu wa nje akiutazama mlolongo huo huona wanyonyaji watupu wanaopandisha bei bila kuongeza chochote, na papo hapo akatunga wazo la programu ya simu itakayomuunganisha mkulima na mama mboga moja kwa moja. Wazo hilo limetungwa mara nyingi sana katika jiji hili.

Kaa sokoni asubuhi kadhaa, na ikiwezekana ukae kama msaidizi wa mfanyabiashara badala ya kuwa mtazamaji, nawe utaanza kuona kwamba dalali yule anafanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Anazichambua nyanya, akiwawekea wenye hoteli zile zilizoiva ambazo zitapikwa siku hiyo hiyo, na kumpa mama mboga zile ngumu kidogo zitakazokaa siku mbili tatu kibandani bila kuharibika. Anamkopesha mteja anayemfahamu mzigo wa alfajiri ili alipwe jioni au kesho yake, kwa sababu mama mboga huyo hana akiba ya kununua kwa pesa taslimu kila siku. Anabeba hasara mzigo unapooza au bei inapoanguka kwa kuwa malori mengi yameingia kwa pamoja. Anajua ni nani hulipa na ni nani hukwepa, na ujuzi huo haupo katika daftari lolote. Ni kweli kwamba mara nyingine anapata faida kupita kiasi kwa kumficha mkulima bei ya mjini, na hilo ni dhuluma inayostahili kuondolewa. Lakini kampuni inayotaka kukaa mahali pake lazima ieleze ni nani atakayechambua nyanya, ni nani atakayekopesha, na ni nani atakayebeba hasara ya mzigo ulioharibika njiani.

Twiga Foods, iliyoanzishwa mwaka wa 2014 na Grant Brooke, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamifu, pamoja na Peter Njonjo, aliyekuwa mkuu katika kampuni ya Coca-Cola, ilianza na ndizi. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa ndizi hupatikana mwaka mzima, huvunwa ikiwa mbichi, na huivishwa kwa mpango, hivyo kampuni inayojifunza kazi inaweza kudhibiti mambo mengi zaidi kuliko ingeanza na nyanya. Hata hivyo, kuzichukua kazi za dalali kulimaanisha kuwa na maghala, vyumba vya kuivishia, magari ya kusambaza na utaratibu wa malipo, gharama ambazo hazionekani kwa mtu anayehesabu tu tofauti kati ya bei ya shambani na ya kibandani. Mwaka wa 2023 kampuni hiyo ililazimika kupunguza wafanyakazi na kubadilisha namna inavyoendesha shughuli zake. Sioni aibu yoyote katika historia hiyo; naona hesabu ambayo kila anayetaka kuingia katika chakula anapaswa kuipiga mwanzoni.

Mfano mwingine ni wa Kune, kampuni iliyotaka kuwapelekea wakazi wa Nairobi chakula kilichopikwa kwa bei nafuu, na ambayo ilifungwa mwezi wa Juni 2022 ikiwa imekosa mtaji wa kuendelea huku bei za vyakula zikiwa zimepanda. Chakula cha bei nafuu kilikuwa tayari kinapatikana katika vibanda vya karibu kila mtaa, ambako chapati na maharagwe hutolewa moto, mteja huongezewa supu akiomba, na mpishi akimzoea humwekea deni mpaka mwisho wa mwezi. Mshindani wa namna hiyo hana tovuti wala ofisi, kwa hiyo haonekani katika utafiti unaofanyiwa kwenye kompyuta, lakini ndiye aliyeshika soko.

Njia ninayoipendekeza ni ya daftari la kawaida. Kwa kila mkono ambao bidhaa au huduma inapitia, andika mtu huyo anapokea nini, anatoa nini, analipwa lini, anapoteza nini mambo yanapoharibika, na ni nani humshikia nafasi akiugua. Zungumza na watu wengi wa kila ngazi, na uwaulize kuhusu jana na juzi badala ya kuwauliza wangependa nini, kwa kuwa mtu hukumbuka vizuri jinsi alivyolipa jana lakini hubahatisha anapoulizwa kama angenunua kitu ambacho hajakiona. Uendelee mpaka uweze kutabiri majibu kabla hayajatolewa. Baada ya hapo, tafuta katika daftari lako mahali ambapo mtu analipwa bila kufanya kazi inayoonekana na bila kubeba hasara yoyote, au mahali ambapo kazi fulani inarudiwa mara mbili kwa sababu watu hawaaminiani. Hapo ndipo pa kuanzia, na mara nyingi ni padogo kuliko ulivyofikiri.

Jaribu kwa mikono kabla ya kujenga

Usiajiri mtengenezaji wa programu katika miezi ya kwanza. Namba ya till ya kupokelea malipo kwa simu, kundi la WhatsApp, daftari na boda boda mmoja unayemwamini vinatosha kuendesha huduma kwa wateja ishirini wa mtaa mmoja, na wateja hao watakufundisha mengi kuliko mfumo uliokugharimu akiba yako yote. Sharti ni kwamba walipe pesa halisi tangu siku ya kwanza, hata kama ni kidogo, kwa sababu ndugu na marafiki wanaopokea bure husifu kila kitu.

Katika kipindi hicho, angalia zaidi watu wanafanya nini na kitu chako kuliko wanavyosema. Majaribio ya M-Pesa yaliyoanza mwaka wa 2005 yalikusudiwa kuwasaidia wateja wa taasisi ya mikopo midogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Watumiaji wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa na Safaricom mwezi wa Machi 2007 ikajengwa juu ya tabia hiyo, yaani kutuma pesa nyumbani. Waanzilishi wangeweza kuiona tabia ile kuwa matumizi mabaya ya mfumo na kuizuia. Waliifuata, na sekta nzima ya fedha ikabadilika. Kwa hiyo mteja anapokitumia kitu chako kwa njia ambayo hukuipanga, mfuate umuulize kwa upole kwa nini, kisha uandike jibu lake neno kwa neno.

Kipimo ninachokiamini katika hatua hii ni wateja wanaorudi bila kukumbushwa. Wateja ishirini ambao kumi na watano wao wanarudi kila wiki ni msingi imara kuliko mia mbili walionunua mara moja kwa sababu ya punguzo la bei.

Iwapo unatengeneza kitu cha kushikika

Hapa muda ni mrefu zaidi, na ni vyema ujiandae kwa hilo kiakili na kifedha. Matee alifanyia majaribio yake nyuma ya nyumba ya mama yake, na majirani wakalalamikia kelele za mashine. Ilimchukua miezi mingi kupata uwiano sahihi wa plastiki na mchanga, kisha akapata nafasi ya mafunzo Marekani iliyomwezesha kutumia maabara ya chuo kikuu huko Colorado kuuboresha uwiano huo. Jambo ambalo watu wa nje hawalioni ni kwamba plastiki si kitu kimoja. Ile ngumu ya chupa za maziwa na za shampuu inafaa kwa kazi yake, na ile ya ndoo na kamba inafaa vilevile, lakini chupa za maji ya kunywa, ambazo ndizo zinazotapakaa kila mahali na ambazo mtu angezikimbilia kwanza, hazifai. Ujuzi wa namna hiyo hupatikana kwa kuyeyusha, kukandamiza, kuvunja na kurudia.

Nairobi ina neema kubwa kwa mtu wa aina hii, nayo ni mafundi wake. Kamukunji na Kariobangi Light Industries kuna watu wanaoweza kukuundia kinu, kikandamizi au kalibu ya chuma kutokana na mchoro wa kalamu, na watakurekebishia wiki inayofuata kwa gharama ndogo. Mlipe fundi kwa wakati, mpe maelezo kamili ya matumizi ya chombo, na usikilize anapokuambia kwamba kitapasuka mahali fulani, kwa maana ameshaona vingi vikipasuka. KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda iliyoko South C, nayo husaidia wabunifu kwa vifaa na ushauri wa kitaalamu. Bidhaa ikishatulia, ipeleke kwa shirika la viwango, KEBS, mapema iwezekanavyo, kwa kuwa mkandarasi, shule au kaunti haitanunua kabro isiyo na alama ya ubora hata ikiwa ni imara kiasi gani.

Panga malipo yafuate mapato ya mteja

Bidhaa nyingi nzuri zimekwama Nairobi kwa sababu zilitaka malipo ya mara moja kutoka kwa watu wanaopata pesa kila jioni. M-KOPA, iliyoanza kuuza mitambo ya sola mwaka wa 2012, ilimwezesha mteja kutoa amana na kisha kulipa takriban shilingi 40 hadi 50 kwa siku kupitia simu, kiasi kilichokaribiana na kile ambacho familia ilikuwa ikitumia kununulia mafuta ya taa. Asipolipa, mtambo hujifunga mpaka alipe. BasiGo, iliyoanzishwa mwaka wa 2021, ilikuta kwamba bei ya betri ndiyo inayolifanya basi la umeme kuwa ghali kwa mwenye matatu, ikaitenganisha betri na bei ya basi ili mwenye gari alipie betri na umeme kwa kila kilomita anayosafiri. Katika visa hivyo viwili, uvumbuzi wa mpango wa malipo ulikuwa na uzito sawa na wa chombo chenyewe. Jiulize mteja wako hupata pesa lini, na uiweke siku ya kulipa karibu na hapo.

Wape wenyewe nafasi

Uber ilipoingia Nairobi mwaka wa 2015, madereva wa teksi za kawaida waliiona kuwa kampuni iliyokuja kuwanyang'anya riziki, na mwaka wa 2016 magari kadhaa ya huduma hiyo yalishambuliwa na mengine kuchomwa. Vurugu za namna hiyo hazina utetezi. Hata hivyo, linganisha na M-Pesa, ambayo iliwachukua wenye maduka na wauzaji wa kadi za simu, ikawafanya mawakala wanaolipwa kamisheni, hivyo kwamba watu wa mtaani walikuwa na sababu ya kuitangaza wao wenyewe. Kampuni inayoingia katika matatu itazungumza na viongozi wa SACCO, yaani vyama vya ushirika vya wenye magari, inayoingia sokoni itamtafuta mwenyekiti wa soko na akina mama wanaoheshimiwa pale, na inayoingia katika taka itakaa na vikundi vya vijana vinavyokusanya taka mtaani. Waendee kwa adabu, ukitangulia kusikiliza, na uwe na jibu la wazi kwa swali ambalo hakika watakuuliza: sisi tutapata nini? Dalali aliyetajwa hapo juu anaweza kuwa mnunuzi wako bora, akilipwa mshahara au kamisheni inayojulikana, kwa kuwa jicho lake la kuchambua nyanya huwezi kulipata kwa haraka popote pengine.

Kampuni kubwa zitapinga kwa njia nyingine, yaani kupitia kwa serikali. Mwishoni mwa mwaka wa 2008, huku benki zikiwa na wasiwasi juu ya M-Pesa, Wizara ya Fedha iliagiza ukaguzi wa huduma hiyo, na mapema mwaka wa 2009 ikatangazwa kuwa salama. Ilisalimika kwa sababu ilikuwa imezungumza na Benki Kuu kabla ya kuzinduliwa, na pesa za wateja zilikuwa zimewekwa katika akaunti ya amana benki. Mwendee msimamizi wa sekta yako kabla hajakusikia kwa mshindani wako.

Sheria, pesa na wenzako

Usajili wa kampuni hufanyiwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na Sheria ya Kampuni ya mwaka wa 2015 inamruhusu mtu mmoja kusajili kampuni peke yake. Utahitaji PIN ya KRA, mamlaka ya mapato, na kibali cha biashara cha kaunti. Ukikusanya majina, namba za simu au mahali wanapoishi wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inakuhusu. Jina na nembo husajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya ubunifu wa viwandani, na hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, nayo huombwa huko. Ombi hilo lifanywe kabla hujauonyesha uvumbuzi hadharani, kwa kuwa kuutangaza mapema kunaweza kukunyima haki hiyo.

Kuhusu mtaji, anza na akiba, chama cha kuchangiana pesa na wateja wanaolipa mapema, kisha ufuate ruzuku na mashindano, na uwaendee wawekezaji pale tu unapoweza kuonyesha kwamba kila mauzo huacha faida baada ya kuondoa usafiri, uharibifu na madeni yasiyolipika. Pesa nyingi zikija kabla ya hapo hukulazimisha kukua upesi juu ya hesabu ambayo bado haijakaa sawa. Uwe mwangalifu hasa na mkopo wa dola ikiwa wateja wako wanalipa kwa shilingi, kwa maana shilingi ikishuka thamani, kama ilivyoshuka sana mwaka wa 2023, deni hukua hata kama hukukopa zaidi.

Mtafute mwenza mwenye kile usichokuwa nacho: mgeni wa sekta anahitaji mtu mmoja aliyekaa ndani yake kwa miaka mingi, na aliyekaa ndani anahitaji mtu asiyeogopa kuuliza kwa nini. Mkubaliane kwa maandishi kuhusu hisa, na hisa hizo zipatikane kidogo kidogo kwa kipindi cha miaka kadhaa, bila mtu kupata chochote akiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha. Wakili yeyote wa kawaida wa mambo ya kampuni anaweza kuuandika mkataba huo kwa kurasa chache, na ni bora uwe umetiwa saini kabla ya kikao cha kwanza na mwekezaji, kwa kuwa ni moja ya karatasi za mwanzo atakazoomba kuziona.